Nani Amshike Mtoto

Swali lilikuwa jepesi, ndiyo maana Wachuka aliwahi kunyoosha mkono. Mwalimu Magdaline alikuwa amewauliza hivi: mtoto wa miaka miwili ameletwa kupigwa picha ya kifua, analia, anajinyonganyonga, hatulii hata kidogo, na daktari anaitaka picha hiyo leo. Nani amshike? Wachuka alisimama, akanyoosha sketi yake, akajibu kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake.

"Mimi."

Darasa zima likaangua kicheko. Walikuwa watu wa eksirei kutoka hospitali na kliniki zinazouzunguka mlima, tangu Nanyuki mpaka Kagio, nao walikusanyika kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa mjini Nyeri kujiandaa kwa mtihani wa usalama wa mionzi. Sheria mpya ilikuwa imewafikia. Kila chumba cha eksirei kilitakiwa kiwe na mtu mwenye cheti, mtu anayejua namna ya kuwakinga wagonjwa na wafanyakazi dhidi ya ile miale isiyoonekana wala kunusika. Mwaka ulikuwa wa themanini na sita, na wengi wao walikuwa wamefanya kazi hiyo kwa mazoea tu, kila mmoja akifundishwa na aliyemkuta pale.

Wachuka alidhani wanacheka kwa sababu hawakumwelewa, basi akawaeleza. Katika hospitali yao mtoto akilia anaitwa yeye. Watoto wanatulia mikononi mwake, hata madaktari wanasema. Wazee wanaotetemeka pia huwashika yeye, na akina mama waliozimia. Bwana Ngatia, mkuu wake, huwaambia wageni kwamba Wachuka ana mikono ya dhahabu. Kicheko kikarudi tena, lakini safari hii kilikuwa kidogo, maana mwalimu hakuwa anacheka.

Magdaline alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, aliyekuja kutoka Nairobi kuwafundisha, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliweka chaki mezani. Akamuuliza Wachuka amefanya hivyo kwa muda gani. Miaka tisa, Wachuka akasema. Kila mtoto? Kila mtoto.

Ndipo mwalimu akawageukia wote, akaanza kueleza polepole. Anayefaa kumshika mtoto ni mzazi wake, au jamaa aliyemleta, akiwa amevaa aproni nzito yenye madini ya risasi ndani yake na kusimama pembeni. Asiwe mama mwenye mimba. Na mfanyakazi wa eksirei asishike, labda iwe hakuna binadamu mwingine, na hata hapo asiwe yule yule kila siku. Sababu haihitaji kisomo kikubwa. Mzazi atasimama pale mara moja, pengine mbili, maisha yake yote, na dozi ya mionzi atakayopata ni ndogo. Mfanyakazi atasimama pale kesho na kesho kutwa, mpaka kile kidogo kiache kuwa kidogo.

Wachuka akakaa. Masikio yalimwaka moto. Kwenye safu ya nyuma palikuwa na mwanamke mwembamba kutoka Kangari, nchi ya majani chai, jina lake Ngendo, na yeye pia alikuwa amenyoosha mkono swali lilipoulizwa. Sasa alikuwa anaushusha taratibu, kama mtu anayeficha kitu.

Wakati wa chai Ngendo alimfuata na kikombe mkononi. Hakusalimu. Alisema tu kwamba na kwao ni yeye, na kwamba na yeye aliambiwa ana mikono mizuri. Mwanamke wa Kagio akasikia, akasogea, akasema kwao ni hivyo hivyo, na sifa ni hizo hizo. Ebu fikiria. Hospitali tatu, wakubwa watatu ambao hata hawajuani, na kila mmoja amemvisha mwanamke wake kilemba cha ukoka kwa maneno yale yale. Na wao walikivaa! Walikivaa wakakitembeza mjini. Wachuka alikumbuka jinsi alivyokuwa akiirudia ile sifa nyumbani mbele ya mume wake, akakiweka kikombe chini.

Waliporudi ndani, somo lilikuwa la beji. Kila mtu wa eksirei alikuwa nayo, kijisanduku kidogo cha plastiki chenye kipande cha filamu ndani, kinachobandikwa kifuani. Mwisho wa mwezi hupelekwa Nairobi, husomwa, na kutokana nayo hujulikana mwili wa mwenyewe umepokea mionzi kiasi gani. Beji haikingi chochote, Magdaline akasema. Beji ni shahidi tu. Shahidi asipokuwepo, hakuna kesi.

Wachuka alikuwa ameapa moyoni kwamba hatafungua mdomo tena siku hiyo. Lakini mdomo ulijifungua wenyewe.

"Na kama mtu anaambiwa aivue kwanza, kabla ya kushika mtoto?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Wengine walijitia hamnazo, wakachungulia vitabu vyao. Magdaline alivua miwani.

"Nani anaambiwa hivyo, mama?"

Ilikuwa hivi. Nyuma ya ule ukuta wa kujikinga, pale penye swichi ya mashine, palikuwa na msumari. Alipoajiriwa, Wachuka aliukuta pale, akaambiwa ni wa beji. Kabla yake kulikuwa na mtu ambaye beji yake ilirudi kutoka Nairobi na madoa ya mionzi, watu wakaja na maswali, chumba kikafungwa kwa muda, na wagonjwa wakawa wanatumwa mbali kwa picha ya mkono uliovunjika. Bwana Ngatia hakutaka kuiona aibu hiyo tena. Basi akaweka utaratibu: unaenda kushika mtoto, unaitundika beji msumarini isiharibike, unarudi unaivaa. Alimwambia kwa upole, kama mama anavyomkumbusha binti kuvua saa kabla ya kufua nguo. Na Wachuka aliona ni busara. Beji ni mali ya hospitali, nani anataka kuiharibu? Kwa miaka tisa aliitundika kwa uangalifu, akaingia kushika watoto wa watu, na Ngatia akabaki nyuma ya ukuta, yeye na beji ya Wachuka, wote wawili salama, akimwambia tulia hapo hapo, usipumue. Aproni ilikuwa moja, kuukuu, na siku za haraka hakuna aliyejisumbua kuishusha.

Darasa lilipotawanyika Wachuka alibaki. Alimsubiri mwalimu afute ubao, kisha akamuuliza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote kazini. Alikuwa na binti mmoja, Kagure, na vijana wawili. Halafu mwaka wa themanini na moja alishika mimba nyingine, ikatoka ikiwa na miezi mitano. Alikuwa msichana. Kwao, binti wa kwanza huitwa jina la nyanya upande wa baba, na wa pili la nyanya upande wa mama, na nyanya huyo huhesabiwa amezaliwa tena. Huyo angekuwa Watiri, jina la mama yake Wachuka. Baada ya hapo hakupata mwingine, na mama yake alikufa jina lake halijazaliwa tena. Alitaka kujua kama ni ile kazi.

Magdaline alipangusa vumbi la chaki mikononi. Angeweza kumdanganya kwa huruma, na wengi wangefanya hivyo.

"Sijui, mama. Mimba hutoka kwa mambo mengi, na wanawake wengi ambao hawajawahi kuona eksirei wamezipoteza. Pengine siyo kazi. Lakini siwezi kukuambia ndiyo, na siwezi kukuambia hapana. Kitu ambacho kingeweza kusema kilikuwa msumarini."

Basi hilo ndilo lililomkaa Wachuka rohoni. Kama angeambiwa ndiyo, angelia. Kama angeambiwa hapana, angepumua. Lakini haya ya kutokujua, tena kutokujua kulikopangwa na mtu, kukawekewa msumari, hayo hayakuwa na mahali pa kuwekwa. Alikumbuka kwamba alipokuwa na mimba hiyo alimwambia Ngatia, ili apunguziwe kazi. Ngatia alicheka, akasema mtoto huyo atazaliwa anajua kazi tayari. Na Wachuka, Mungu amsamehe, alicheka naye.

Nyumbani kwake kulikuwa Kiganjo, ambako mume wake Theuri alikuwa mpishi katika chuo cha polisi. Theuri alikuwa mtu mtaratibu, wa kumaliza ugomvi kabla haujaanza. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akimenya viazi, kisha akamwambia asifanye haraka. Afanye mtihani kwanza, apate cheti, halafu aseme anachotaka akiwa na karatasi mkononi. Mtu mwenye cheti husikizwa. Lilikuwa shauri zuri, na Wachuka alilikubali. Alirudi kwenye vitabu kwa hasira, akasoma akisonga ugali, akasoma akisubiri mahindi yasagwe. Kagure alimuuliza maswali kutoka kitabuni, na mama yake alipokosea alijikaripia mwenyewe mpaka binti akacheka.

Alitaka kile cheti sasa kuliko alivyowahi kukitaka. Mwanzoni alikitaka kwa ajili ya heshima, tuseme ukweli. Sasa alikitaka kwa sababu mwenye cheti ndiye anayesema nani asimame wapi katika chumba kile. Basi.

Lakini kuna jambo Theuri hakulijua, na Wachuka mwenyewe alikuwa hajaliona. Ombi la kufanya mtihani lilikuwa na sehemu ya mwisho ambayo mtahiniwa anatia sahihi, na mkuu wake anatia sahihi chini yake: kwamba katika muda wote wa kazi, beji ilivaliwa kifuani bila kukosa.

Bwana Ngatia alimwita ofisini, naye akiwa na ombi lake mwenyewe mezani, maana hata yeye alikuwa mtahiniwa. Alikuwa ameshatia sahihi kwenye lake. Alikuwa mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, mzee wa kanisa, na hakuwa mkali. Ukali ungekuwa afadhali. Alimsukumia kalamu.

Wachuka alisoma, akasoma tena. Akamwambia hawezi kutia sahihi hapo kwa sababu siyo kweli.

"Beji yako iko safi kuliko ya kila mtu hapa, Mama Kagure," Ngatia akasema. "Sasa unalilia nini?"

"Iko safi kwa sababu haikuwa na mimi."

Ngatia alipumua kwa uvumilivu mwingi, kama mtu anayezungumza na mkwe mkaidi. Akamweleza kwamba hiyo ni desturi ya karatasi tu, kila mtu anaweka sahihi. Akamwuliza kama anataka hospitali ifungwe, akina mama wa Othaya na Mukurwe-ini watembee na watoto mgongoni mpaka wapi. Akamkumbusha nani alimtoa kwenye kufagia wodi akamfundisha kazi. Yote hayo yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililomtia Wachuka uchungu zaidi, kwamba mtu anaweza kuchukua mambo matatu ya kweli akayashona yakawa uongo mmoja mkubwa. Akamuuliza swali moja tu: je, alijua? Alipokuwa anamwita miaka hiyo yote, alijua kwamba haifai?

Ngatia aliangalia dirishani. Akasema kila mahali ilikuwa hivyo.

Alijua! Hakuhitaji kusema zaidi. Wachuka aliitia mikono yake, ile ya dhahabu, ndani ya mifuko ya koti. Akasema kwamba hatatia sahihi, na kwamba kuanzia leo hashiki mtoto wa mtu. Ngatia akasema sawa, kama ni hivyo ombi lake haliendi popote. Akaliweka kwenye droo kwa adabu, akampangia kazi ya chumba cha giza, kule kwenye dawa za kusafishia picha, ambako mtu hakutani na mtoto wala mzazi.

Mtihani ukafika, ukapita. Ngendo wa Kangari aliufanya. Mkuu wake aliogopa kelele zake, akamwachia aandike ukweli pembeni mwa ile sehemu ya sahihi. Bwana Ngatia aliufanya, akaupasi vizuri. Cheti kilipokuja kilitiwa kwenye fremu, kikapigwa msumari ukutani karibu na mlango wa chumba cha eksirei, kukawa na chai na keki, na mzee mmoja wa kamati ya hospitali akatoa hotuba kuhusu maendeleo. Watu wakapiga makofi. Wachuka hakupiga. Akasikia wakinong'ona nyuma yake kwamba ni wivu, kwamba mwanamke akikosa anakuwa na roho mbaya. Waacheni waseme.

Kitu kimoja kilikuwa kinamsumbua kuliko hayo yote. Watoto hawakuacha kuja, na hawakuacha kulia. Basi nani alikuwa anawashika?

Alikuwa Wakonyo. Huyu alikuwa msichana wa usafi, ameolewa juzi, mcheshi, anaimba akipiga deki. Siku moja Wachuka alitoka chumba cha giza akamkuta akiingia chumba cha eksirei na ndoo kisha akitoka bila ndoo, amefurahi. Alimwambia Wachuka kwamba Bwana Ngatia amemsifu sana. Ati ako na mikono mizuri, watoto wanamsikia. Na yeye hakuwa na beji hata ya kutundika.

Usiniulize Wachuka alilalaje usiku huo.

Jumatatu ilikuwa siku ya kliniki, na benchi la nje lilijaa. Akiwa ndani ya chumba cha giza Wachuka alisikia mtoto akilia upande wa pili, kilio cha nguvu, cha mtoto anayeona mashine kubwa akadhani itamla. Akamsikia Ngatia akimbembeleza kwa ulimi, tch tch. Halafu akaisikia sauti ile ile, kwa upole ule ule, ikiita.

"Wakonyo! Acha hiyo deki kidogo, njoo ushike mtoto."

Wachuka alitoka. Mikono ilikuwa bado inachuruzika dawa, hakuipangusa. Ndani ya chumba alikuwepo mwanamke wa mtaa wa Majengo, Saumu, leso kichwani, mimba ya miezi mingi mbele yake, anahangaika na mvulana aliyejikunja mgongo kama upinde. Wakonyo alikuwa amefika mlangoni, anajifuta mikono kwenye gauni. Ngatia alikuwa nyuma ya ukuta wake, kidole kwenye swichi. Na ukutani karibu na mlango, cheti.

Wachuka alisimama mbele ya Wakonyo, akamzuia kwa mkono.

"Bwana Ngatia," akasema, "wewe umepasi mtihani, mimi bado. Nisomeshe. Mtoto wa miaka mbili, picha ya kifua, analia. Nani amshike?"

Ngatia akamwambia arudi kwa kazi yake. Hakupandisha sauti. Wachuka hakusogea. Akamwambia ni swali la kwanza kabisa walilofundishwa, na yeye amelijibu kwenye mtihani, akapewa alama. Ajibu basi na hapa, ili Wakonyo asikie, na mama wa mtoto asikie. Ngatia akatoka nyuma ya ukuta, uso umemwiva. Akamwonyesha Wachuka kwa kidole mlango wa chumba cha giza. Mtoto akaacha kulia kidogo, akawatazama watu wazima.

Aliyejibu alikuwa Saumu. Hakuwa anajua kwamba kuna ugomvi wowote. Alidhani ni swali tu, na ajabu yake ni kwamba watu wenye makoti meupe hawana jibu lake.

"Kwani baba yake si yuko hapo nje? Amekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Hakuna aliyemwita."

Hakuna aliyemwita.

Wachuka alitoka, akafika benchini. Huko kulikuwa na akina baba, kama ilivyokuwa siku zote. Wanaume wa mlimani huwasindikiza wake zao hospitali mpaka mlangoni, halafu hukaa, kofia gotini, wakazungumza bei ya kahawa, kwa sababu mambo ya mtoto na daktari ni ya ndani, na ya ndani ni ya mwanamke. Hakuna mtu aliyewahi kuwaambia waingie, na wao hawakuwahi kuuliza. Miaka tisa walikuwa wamekaa hapo, hatua chache kutoka kwenye mashine. Aliwapita kila asubuhi akiwaamkia!

Akauliza baba wa mtoto wa Saumu ni nani. Akasimama Huseni, muuza nyama wa sokoni, mtu wa kifua na mikono mikubwa. Wachuka akamwambia mtoto wake anamhitaji ndani. Huseni hakuuliza kwa nini. Aliingia, akainama kidogo mlangoni, akasimama kama mvulana wa shule huku Wachuka akimvisha ile aproni kuukuu ya risasi na kumfunga kamba nyuma. Saumu alitolewa nje, yeye na mimba yake. Mtoto alipomwona baba yake alishusha mabega, akamshika kidole gumba, akatulia. Wachuka alimwonyesha Huseni pa kusimama na namna ya kushika, kisha akarudi nyuma ya ukuta pamoja na Wakonyo. Ngatia akarudi penye swichi, akaibonyeza kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya.

Picha ilitoka safi mara ya kwanza. Huseni alivua aproni, akashukuru, akasema kumbe ni jambo dogo hivyo, angejua angeingia tangu yule mtoto wao mkubwa alipokuwa mgonjwa. Hakumaanisha ubaya. Lakini Wachuka alikuwa amemshika yule mkubwa wao. Alimkumbuka, mtoto mnene mwenye hirizi shingoni, mwaka ule ule wa themanini na moja. Jambo dogo hivyo. Mtu angedhani hasira ingempungua siku hiyo, lakini ndipo ilipompanda hasa. Kama ingekuwa kazi ngumu, kama ingehitaji mashine mpya au fedha kutoka ng'ambo, angewasamehe. Ilihitaji mtu afungue mlango aite.

Mchana kliniki ilipoisha, alikwenda kwa fundi wa hospitali akaazima koleo. Akaingia nyuma ya ukuta, akaubana ule msumari, akauvuta. Ulikuwa umeingia sana, ulitoka ukilia, na kipande cha plasta kikadondoka nao. Akaubeba mpaka ofisini kwa Ngatia. Akamwambia afungue droo.

Ngatia alilitoa lile ombi. Alionekana amezeeka tangu asubuhi. Wachuka akaweka msumari juu ya karatasi, pale penye sehemu ya sahihi.

"Andika beji yangu ilikuwa wapi," akasema.

Ngatia alimwambia kwa sauti ya chini kwamba akiandika hivyo watamnyang'anya cheti, pengine na kazi. Alisema ana watoto shuleni. Alisema hakuwa na nia mbaya, hata siku moja, na Wachuka alijua kwamba hilo nalo ni kweli. Mwalimu Magdaline angekuja mwezi uliofuata kukagua vyumba vya eksirei vya wilaya, Wachuka akamwambia, na yeye atamweleza yote kwa mdomo wake, karatasi iandikwe isiandikwe. Lakini alitaka iandikwe. Alitaka iandikwe na mkono wa mtu aliyekuwa akisimama nyuma ya ukuta.

"Wale watoto nilishika," akasema. "Sikatai, na sitaki wafutwe kama hawakuwepo. Mmoja wao alikuwa wangu. Alikuwa aitwe Watiri. Hiyo siku ulisema atazaliwa anajua kazi, unakumbuka?"

Ngatia aliutazama msumari. Alikumbuka, maana alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nje Wakonyo alikuwa ameanza tena kuimba na kupiga deki.

Kisha Ngatia akausogeza msumari pembeni kwa kidole, akachukua kalamu, akaandika. Wachuka hakuketi, ingawa kiti kilikuwepo. Alisimama kando yake akisoma kila neno likitoka, mpaka Ngatia akafika mwisho wa mstari na kutia sahihi.